Mwanangu, usimhukumu mkongwe kwa vikapu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Huku hatujambo. Goti la mama yako limetulia, na vuli ya mwaka huu imenyesha kwa adabu, haijatuingilia ndani. Nimepata ujumbe wako pamoja na zile video tatu za mechi zenu. Nilitaka kukujibu kwa sauti kama mlivyozoea ninyi, lakini jambo hili halisemwi mtu akiwa njiani. Nimekaa mezani, nimezima redio, nakuandikia.

Unasema kocha mkuu wa timu yenu ya mpira wa kikapu hapo chuoni Ohio amekuuliza wewe, msaidizi mdogo kuliko wote, kama yule kijana wa mwaka wa kwanza aanze badala ya nahodha wenu wa mwaka wa nne, ambaye mpira umemkataa tangu Novemba. Unasema ulinyamaza. Hukukosea. Ila Jumatatu atauliza tena, na safari hii uwe na neno la kumwambia.

Zamani makocha wa vyuo huko Marekani hawakuwa na mzigo huu, maana kanuni iliwaamulia. Mpaka mwaka 1972 mchezaji wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu kubwa ya chuo chake. Walikuwa na timu yao ya pembeni. Ndiyo maana Novemba 1965 pale UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, yalitokea maajabu: Lew Alcindor, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kama Kareem Abdul-Jabbar, pamoja na wenzake wa mwaka wa kwanza, waliwachapa kaka zao 75 kwa 60. Hao kaka zao walikuwa mabingwa watetezi wa taifa zima. Na baada ya kipigo kile kocha wao John Wooden alilazimika kuingia msimu na wale wale waliofungwa, timu yake iliyo bora zaidi ikibaki inacheza pembeni. Kanuni ilipoondolewa, uamuzi ukahamia kwa kocha, na umekaa hapo mpaka leo.

Sasa nikueleze jambo ambalo sikuwahi kukusimulia, ingawa mama yako analijua.

Nilipokuwa nafundisha klabu hapa Dar, kabla hujaanza shule, nilikuwa na pointi gadi mmoja mtu mzima, mwenye watoto wawili. Miaka sita alikuwa ndiye anayetupandishia mpira. Mwaka huo akaanza kukosa, mechi tatu, nne, tano. Na kulikuwa na kijana aliyetoka kumaliza kidato cha nne, mwepesi kama swala, kila mtu pale uwanjani anamwimba. Nikavumilia, kisha siku moja uvumilivu ukanishinda. Nikasoma orodha ya wanaoanza mbele ya timu nzima, dakika kumi kabla ya mechi, na jina la mkongwe halikuwemo. Sikuwa nimemwambia neno.

Hakusema kitu. Aliinama akafungua kamba za viatu, pole pole, kimoja kisha cha pili. Akazikunja zile kamba akazitia ndani ya viatu, akaviweka sawasawa chini ya benchi. Akavaa ndala. Mechi nzima alikaa amevaa ndala. Kijana wetu akapoteza mpira mara mbili za kwanza, nami nikamtoa. Nikamrudisha, akapoteza tena, nikamtoa. Kufika kipindi cha pili alikuwa kila akishika mpira anageuza macho kwenye benchi kunitazama mimi, badala ya kutazama wenzake. Siku ile niliwapoteza wote wawili. Mkongwe hakurudi mazoezini. Kijana alimaliza msimu akicheza kwa woga, mwaka uliofuata akaacha.

Miaka mingi baadaye nilikutana na yule mkongwe msibani, tukakaa mkeka mmoja. Nikamwomba radhi. Akaniambia, "Kocha, wewe nyumbani kwangu ulikuwa unapajua."

Maneno hayo ninayo mpaka leo, na kila ninachokuandikia hapa kimetoka kwenye mkeka ule.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumpima kwa vikapu. Mpira wa kikapu una mambo yanayokuja na kuondoka, na kutupa ni mojawapo. Mtu aliyefunga miaka mitatu hasahau kufunga mwezi mmoja. Mikono hupotea, hurudi. Wa kumtazama ni yule ambaye miguu imeanza kumwacha, au moyo: harudi kukaba, hauendei mpira unaogombewa chini, mwenzake yuko wazi yeye hamwoni kwa sababu bado anawaza ule mtupo alioukosa. Huyo hata akifunga pointi ishirini anawaangusha. Mtupo wake ukirudi hautaleta yale mengine, na hapo kijana akiwa tayari asicheleweshwe hata wiki moja.

Kwa hiyo video zako nilizitazama na daftari mkononi. Mama yako ananicheka, lakini nilichora safu tatu. Vikapu sikuhesabu. Nilihesabu ni mara ngapi mtu amerudi kukaba kabla ya yule anayemkaba, mara ngapi ameuendea mpira usio na mwenyewe, na mara ngapi ametoa pasi kwa aliye wazi kwa wakati wake.

Nahodha wenu, katika mechi ya pili, alirudi kwa wakati mara 27 kati ya 31. Rudisha video mpaka karibu na dakika ya 14 ya kipindi cha pili. Anatupa pointi tatu, mpira unagonga ukingo wa mbele wa ringi. Kabla haujashuka yeye ameshageuka. Anakimbia uwanja mzima, anafika chini ya ringi yenu kabla ya mtu wake, anaugusa mpira kwa ncha za vidole, unatoka nje. Filimbi inalia, ndipo anashika magoti. Halafu tazama upande wa pili wa uwanja: yule winga wenu wa mwaka wa tatu bado yuko kule kule, amemfungulia mwamuzi mikono anadai faulo.

Umeliona hilo? Mnamjadili nahodha, na tatizo limesimama kule limefungua mikono.

Halafu angalia mitupo ya nahodha inavyokosa. Karibu yote ni mifupi, inagonga mbele. Mtupo mfupi ni miguu iliyochoka. Na kwa nini asichoke? Ndiye anayepandisha mpira, ndiye anayesukumwa na wakabaji wawili kuanzia nyuma, na anacheza zaidi ya dakika 34 kati ya 40. Mnamwagiza abebe ndoo tangu kisimani, akifika mnamlaumu maji yamemwagika.

Kijana naye nimemhesabia. Katika dakika tisa alipoteza mpira mara nne, na najua hicho ndicho kinachomtia hofu kocha wako. Lakini pasi tatu kati ya hizo zilikwenda mahali sahihi, wapokeaji ndio walikuwa hawajafika. Anaona mchezo kabla ya wenzake. Hilo hafundishwi mtu. Kasoro yake ni kukaba: anaruka kwa kila hila ya mpinzani, na faulo zitammaliza akicheza muda mrefu. Hiyo ni kazi ya mazoezini, na ni kazi yako wewe.

Kwa hiyo neno langu ni hili: kijana aanze na apewe mpira, lakini anayekwenda benchi si nahodha. Ni winga. Nahodha asogezwe pembeni, apokee mpira akiwa ametulia na miguu yake, atupe.

Hili si jipya. Chuo cha Duke walilifanya msimu wa 2014–15. Quinn Cook alikuwa mwaka wa nne, nahodha, na msimu uliotangulia yeye ndiye aliyekuwa anaongoza mashambulizi. Akaja Tyus Jones, mwaka wa kwanza. Kocha wao Krzyzewski akampa Jones usukani, akamhamishia Cook pembeni, na Cook akafunga wastani wa pointi 15 na ushee kwa mechi. Fainali dhidi ya Wisconsin Jones alifunga 23, wakatwaa ubingwa 68 kwa 63. Na kumbuka Grayson Allen, mwaka wa kwanza mwingine aliyekaa benchi karibu msimu mzima. Usiku ule timu iko nyuma kwa pointi tisa, akaingizwa akafunga 16. Kumweka kijana benchi si kumtupa, alimradi mazoezini anatendewa kama mtu ambaye zamu yake inakuja.

Kocha wako akikuambia vijana hawaaminiki mechi ikikaza, usimbishie haraka, maana ana ushahidi. Aprili 2025 Duke hao hao waliwaanzisha watatu wa mwaka wa kwanza katika nusu fainali dhidi ya Houston, akiwemo Khaman Maluach, yule mtoto wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe, Uganda. Kipindi cha pili waliongoza kwa pointi 14. Wakafungwa 70 kwa 67. Cooper Flagg, mmoja wa hao watatu, peke yake alifunga 27, hilo halina mjadala. Lakini Houston walikuwa watu wazima, na mitupo huru iliyowaweka mbele mwishoni ilipigwa na J'Wan Roberts, aliyekuwa na mwaka wa sita chuoni. Niliitazama mechi ile nikasikitika kwa ajili ya Maluach, maana hakupata ribaundi, yaani mpira unaorudi mtupo ukikosa, hata moja, na wale Houston walikuwa wanazichukua juu ya vichwa vyao. Miguu mipya haijui bado kusimama mahali pake wakati kila mtu amechoka. Kwa hiyo dakika tano za mwisho nahodha awemo uwanjani, mpira ukiwa mkononi mwake inapobidi, hata kama siku hiyo amekosa yote.

Na wapo wa kwetu. Unamkumbuka Hasheem Thabeet, maana ulibandika picha yake mlangoni. Alipoingia UConn, chuo kikuu cha Connecticut, mwaka 2006, chuo kilikuwa kimetoka kupoteza wachezaji wanne waliochukuliwa raundi ya kwanza ya uchaguzi wa NBA, ligi ya kulipwa ya huko, kwa mkupuo. Kocha wao Jim Calhoun alikuwa ameshatwaa ubingwa mara mbili, lakini wakongwe wake karibu wote walikuwa wameondoka, ikabidi awachezeshe watoto. Wakashinda 17, wakafungwa 14, hawakuingia hata kwenye mashindano ya taifa. Calhoun hakuwabadilisha kwa hasira. Mwaka 2009 vijana wale wale walikuwa wakongwe: walishinda 31, wakafika timu nne za mwisho, na Juni Thabeet akachaguliwa wa pili katika NBA nzima. Kumchezesha kijana ni mkopo. Unalipa mwaka huu kwa mechi mnazofungwa, na kocha asiyeweza kuvumilia vipigo hivyo asianze.

Kuhusu wakati. Ligi yenu inaanza Januari, na mabadiliko yawe yameshafanyika kabla, mechi hizi za Desemba zikiwa bado hazina uzito mkubwa. Steve Fisher, kocha wa chuo cha Michigan, alikuwa na wale watano wa mwaka wa kwanza, akina Chris Webber na Jalen Rose, lakini mara ya kwanza kuwaanzisha wote pamoja ilikuwa tarehe 9 Februari 1992 dhidi ya Notre Dame. Siku hiyo pointi zote za Michigan zilifungwa na wao. Wakafika fainali, huku wakongwe kama Eric Riley na Rob Pelinka wakitokea benchi na kukubali. Mimi naona ninyi msingoje Februari. Kijana atachoka mwishoni mwa Januari, mwili wake haujazoea msimu mrefu hivi, na mtihani wa kwanza wa chuo utakuwa umempitia. Afadhali achoke akiwa ameshaijua kazi.

Mkishamwanzisha, mwahidini mechi tano, na ahadi hiyo itimizwe. Asitolewe kwa kosa moja. Ukimwona anageuza macho kwenye benchi, mwambie kocha mkuu, mwambie usiku ule ule.

Usinisahaulishe pia hili la kuhama vyuo. Siku hizi mchezaji akinuna leo, kesho yuko chuo kingine, na fedha zinaingia katikati. Winga wenu anaweza kuondoka. Aondoke akiwa ameambiwa ukweli, kwa namba za lile daftari: amerudi kukaba mara 12 kati ya 29. Nimekupigia picha kurasa zote, utazipata pamoja na barua hii.

Jumapili nenda kwa nahodha, kabla ya kikao chenu cha Jumatatu, kocha wako akikuruhusu. Usimwite ofisini. Nenda anakokaa, bisha hodi. Mwambie mnafikiria kumpunguzia mzigo wa kupandisha mpira, na umuulize yeye anamwonaje yule kijana. Kisha unyamaze umsikilize, maana miaka minne chumba kile cha kubadilishia nguo anakijua kuliko wewe.

Na winga nenda kwake pia, jioni hiyo hiyo. Hapo patakuwa pagumu zaidi.

Mechi ya Jumamosi mkianza saa moja jioni huko Ohio, hapa itakuwa saa tisa usiku. Nitakuwa macho. Daftari lina kurasa nyingi bado, nami nimeshachora safu.

Baba yako
Dar es Salaam