Kikao cha daftari, Jumamosi

Assalaam aleikum na habari za jioni, wanakikundi wa Mwanga, Kibirizi na Ujiji.

Jumamosi hii tunakutana saa 10 jioni, pale pale nyuma ya soko la Mwanga, kwa somo la kuandika mauzo na matumizi. Naomba:

1. Kila mtu alete 3,000 ya kaunta buku na chai. Mwisho Alhamisi jioni, mkabidhini mweka hazina.
2. Njoo na risiti na vikaratasi vya wiki hii, hata vilivyokunjamana: nauli ya boti, magunia, ushuru, mawese au dagaa ulizonunua, na madeni ya wateja. Madeni hasa, maana ndiyo yanayomeza mtaji wetu. Na ile dagaa unayochukua ya mboga nyumbani iandikwe pia, ni mali ya biashara.

Ndugu zangu, daftari ni fedha. Kwa viwango vilivyowekwa 2019, mwenye mauzo ya milioni 5 kwa mwaka asiye na kumbukumbu hukadiriwa kodi ya 100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani 30,000. Hiyo 70,000 inauma sana kuipoteza kwa kukosa kalamu.

Wenye simu za lipa namba, pitieni miamala yenu kabla ya kuja.

Tafadhali jibu hapa NAKUJA au SITAWEZA kabla ya kesho saa 2 usiku, nijue idadi ya madaftari ya kununua.