Mwanangu, kabla hujapanda ndege ya Bangkok

Mwanangu Zuhura,

Barua ya chuo nimeiona, hongera sana. Umeniuliza bei ya vyumba na chakula. Nitafika huko, lakini nianze na siasa, maana ndiyo inayoweza kukuponza ukiwa umekaa zako kitandani na simu mkononi.

Thailand kuna kifungu cha 112 cha sheria ya jinai. Anayemkashifu au kumtishia mfalme, malkia, mrithi au anayekaimu kiti hufungwa miaka 3 hadi 15. Watu huikariri hiyo 15; wewe kariri kwamba ni kwa kila kosa. Machapisho kumi ya Facebook ni makosa kumi. Januari 2024 mahakama ya rufaa ilimpandishia muuza nguo wa mtandaoni wa Chiang Rai kifungo kutoka miaka 28 hadi 50 kwa machapisho tu. Na mlalamikaji si lazima awe ikulu: mtu yeyote anaweza kuingia kituo cha polisi akafungua kesi. Kusambaza cha mwenzako nako kunahesabika. Mgeni haachwi. Mhadhiri Mmarekani, Paul Chambers, alikamatwa Aprili 2025. Waendesha mashtaka waliiacha kesi, lakini viza yake ilikuwa imeshafutwa. Mimi naiona sheria hiyo ni kali kupita kiasi, na wako Wathai wengi wanaoona hivyo. Ila wao wana kwao, wewe una viza.

Vyama vyao visome, usivivalie fulana. Mwaka 2023 chama cha Move Forward kiliongoza kwa viti 151 kati ya 500, kikanyimwa uwaziri mkuu na Seneti ya watu 250 walioteuliwa na wanajeshi. Tarehe 7 Agosti 2024 Mahakama ya Katiba ikakivunja. Wiki moja baadaye mahakama hiyohiyo ikamwondoa waziri mkuu Srettha Thavisin, na tarehe 29 Agosti 2025 ikamwondoa Paetongtarn Shinawatra, ambaye baba yake, Thaksin, alipinduliwa na jeshi mwaka 2006. Utaona mpangilio: kura zinapigwa, zinahesabiwa, halafu mchezo wenyewe unaanza mahakamani. Wenzako darasani wanalijua hilo kuliko mimi, lakini usiwaulize mbele ya watu. Wakitaka, watakwambia wenyewe mkiwa wawili.

Saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa hupigwa kwenye vituo vya treni na bustani. Simama ulipo, usubiri kama dakika moja hivi, uendelee. Sinemani wimbo wa mfalme hupigwa kabla ya filamu, simama pia. Noti ikikudondoka upepo ukaibeba, usiizuie kwa mguu. Ina sura ya mfalme, na mguu kule ni kitu kichafu.

Kuna neno *kreng jai*: kumwonea mtu haya ya kumsumbua au kumwaibisha. Ndilo linalowachanganya wageni. Ukimwuliza karani kama karatasi zako zimetimia, anaweza kutabasamu na kuitikia ili asikuvunje moyo. Usiulize swali la ndiyo au hapana. Uliza, "Imebaki karatasi gani?" Ukipandisha sauti umekwisha, tabasamu litabaki, huduma itaondoka. Heshima ya rika utaizoea haraka, maana aliyekuzidi umri unamwita *phi* na mdogo *nong*, kama kaka na dada zetu. Rangi yako itatazamwa, na kuna siku kiti cha pembeni yako kwenye treni kitabaki kitupu. Askari naye anaweza kukusimamisha, basi tembea na nakala ya pasipoti na ukurasa wa viza.

Saa zao za jioni zitakuchekesha: saa moja usiku ni *nueng thum*, saa mbili ni *song thum*, mpaka saa tano, sawasawa na Kiswahili. Usidanganyike ukadhani siku nzima iko hivyo. Saa kumi jioni kwao ni *si mong yen*, na *si* kwa Kithai ni nne. Miaka nayo inazidi yetu kwa 543. Pakiti ya maziwa ikiandikwa 2569, ni 2026.

Sasa karatasi. Mwenye nyumba anatakiwa kuripoti uhamiaji ndani ya saa 24 kwamba umefika. Fomu inaitwa TM30. Mdai risiti yake siku hiyohiyo, kwa sababu ukienda kuongeza muda wa kukaa (baht 1,900) bila risiti hiyo unaweza kurudishwa. Kila siku 90 unaripoti anwani kwa fomu ya TM47. Dirisha hufunguka siku 15 kabla na kufungwa siku 7 baada, ukichelewa faini ni baht 2,000. Wanafunzi wengi hudhani kile kikaratasi cha siku 90 kimewaongezea viza. Hakijaongeza hata siku moja. Muda ukiisha ni baht 500 kwa siku, hadi 20,000. Na ukitaka kuja nyumbani likizo, chukua kwanza kibali cha kurudi: 1,000 kwa safari moja, 3,800 kwa nyingi. Ukitoka bila hicho, muda wako wote unakufa pale mpakani.

Chumba: kwa kawaida utaombwa amana ya miezi miwili na kodi ya mwezi mmoja mbele. Usiangalie kodi peke yake, uliza uniti ya umeme ni bei gani. Hakuna Luku kule. Mwenye nyumba anasoma mita na kukuletea bili, na wengi hutoza baht 7 au 8 wakati bei ya serikali ni kama 4. Kwa kiyoyozi cha usiku kucha, hapo ndipo kodi nafuu inapogeuka ghali. Piga picha ya mita, kuta na godoro siku ya kuingia, la sivyo amana utaisikia tu.

Chakula halali hakikutatizi Bangkok. Nenda barabara ya Petchaburi, Soi 7 (soi ni kichochoro), karibu na msikiti, si mbali na soko la nguo la Pratunam. *Som tam* ndiyo kachumbari yao: papai bichi, nyanya, maharage marefu, uduvi mkavu, mchuzi wa samaki na ndimu, vyote vinapondwapondwa kwenye kinu. Kusema tu "isiwe kali" hakusaidii, kinu chenyewe kina pilipili ya mteja aliyetangulia. Taja idadi: *phrik nueng met*, pilipili moja.

Fomu ya kuingia nchini, TDAC, ijaze mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure, tovuti inayokudai pesa ikimbie. Chanjo ya homa ya manjano ichome siku 10 kabla ya safari au mapema zaidi. Kwa anayetoka Tanzania, dawati la afya linatangulia uhamiaji pale uwanjani, na huko uhamiaji watataka kuona muhuri wa dawati. Watu hupanga foleni ndefu ya uhamiaji, wanafika mbele, wanarudishwa. Kadi ya manjano iweke kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na pasipoti.

Baba yako