Mcheza gofu wa kulipwa wa Scotland alikuwa fundi

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako miaka mingi na sijawahi kuandika, lakini makala yenu ya Jumapili iliyopita, ile ya wanasoka wa kale wa Scotland walioingia kwenye gofu ya kulipwa, siwezi kuinyamazia. Mwandishi wenu anasema watu hao waliacha mshahara wa soka wakaenda kula raha kwenye nyasi. Ni kinyume kabisa.

Soka ya Scotland wakati ule haikuwa na mshahara. Timu iliyotoka sare ya 0-0 na England pale Partick, Novemba 30, 1872, wachezaji wake wote 11 walikuwa wa Queen's Park ya Glasgow, klabu ya ridhaa. England iliruhusu malipo mwaka 1885, Scotland ikangoja hadi 1893. Aliyetaka fedha alivuka mpaka kwenda kuchezea klabu za Lancashire, England, na mwanzoni alilipwa kwa kificho. Kwa hiyo mwanasoka wa miaka hiyo akigeukia gofu ya kulipwa, alikuwa anaacha mchezo na kuingia kazini.

Na kazi yenyewe ilikuwa ya jasho. Tom Morris, mcheza gofu wa kulipwa, aliporudi St Andrews, mji wa gofu wa Scotland, mwaka 1864 alipangiwa pauni 50 kwa mwaka na pauni 20 nyingine za kutunzia uwanja, akakabidhiwa toroli, sepetu na beleshi. Mwaka huohuo alishinda ubingwa wa gofu wa Open pale Prestwick na kupata pauni 6. Willie Park wa Musselburgh, aliyekuwa bingwa wa kwanza kabisa mwaka 1860, hakupata hata senti. Alipewa mkanda tu. Riziki ilitoka karakana. Gutapacha, utomvu mgumu wa mti uliotumika kutengenezea mipira ya gofu, hulainishwa kwa maji ya moto, hukatwa kipande cha kutosha mpira mmoja, huviringishwa viganjani, kisha hutumbukizwa kwenye maji baridi ili ukaze. Ukiuacha bila alama yoyote juu yake, ukipigwa huzama ghafla kama ndege aliyepigwa manati. Wachezaji waligundua kuwa mpira uliokwisha kuchubuliwa na fimbo ndio unaokaa hewani, basi fundi akawa anaugonga kwa nyundo yenye makali, alama kwa alama, mzunguko mzima, ndipo aupake rangi na kuuweka miezi kadhaa ukomae. Hata uliokomaa, siku ya baridi kali ulipasuka. Kanuni ikaruhusu kuweka mpira mpya pale kilipoangukia kipande kikubwa. Fimbo nayo: mpini wa mti wa hikori kutoka Marekani na kichwa cha mti mgumu huchongwa mshazari mrefu, huunganishwa kwa gundi na kuzungushiwa uzi wa lami. Nyuma ya kichwa humiminwa risasi ya kuongeza uzito, chini hupigiliwa kipande cha pembe ya kondoo dume kulinda ukingo. Mshazari ukiwa mfupi au uzi ukilegea, unyevu unaingia, gundi inaachia, kichwa kinacheza. Mteja hulirudisha tatizo hilo kwa fundi, na fundi ndiye huyohuyo mnayemwita mla raha! Tena katika nyumba ya klabu hakukaribishwa kuketi na wanachama. Chama cha kuwatetea wacheza gofu hawa wa kulipwa kilikuja kuundwa mwaka 1901.

Makala hiyo sasa imebandikwa kwenye ubao wa klabu moja hapa mjini, na makedi vijana, wabeba mifuko ya fimbo za wachezaji, wanaisoma na kuiamini. Nilimwomba mhusika abandike maelezo pembeni. Akanijibu kuwa kilichoandikwa gazetini kimeandikwa.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu: taarifa zenu za gofu za kila wiki zinamtaja mgeni rasmi, mdhamini, mke wa mdhamini, na picha ya hundi kubwa ya karatasi. Alama za wachezaji hazimo. Aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kukata nyasi za shimo la 18 hatajwi kamwe, wala kedi aliyebeba mfuko wa mshindi.

Naomba mambo mawili. Sahihisho lichapwe ukurasa uleule, ukubwa uleule, na zile pauni 6 na lile toroli viwemo. Kisha kila taarifa ya mashindano ianze na alama za wachezaji 10 wa kwanza, jina la mtunza nyasi mkuu na jina la kedi wa bingwa. Mgeni rasmi aje baada yao.

Mtunza viwanja mstaafu,
Arusha