Jua la Shela halizami baharini

Mhariri,

Picha ya jua likizama baharini, mliyosema ni ya Shela, sijui ilipigwa wapi. Hapo si kwetu. Ufuo wetu unatazama kusini-mashariki. Jua hutoka baharini, likazama nyuma ya vilima vya mchanga, upande wa bara.

Kazi yangu ni picha za maharusi, lakini Juni, kipupwe kikiingia na wageni wakiwa wachache, hushuka ufuoni peke yangu mwendo wa saa kumi na moja jioni. Mwanga huja chini chini kutoka vilimani, na kila mkunjo uliochorwa na upepo wa kusi mchangani hupata kivuli chake. Nyayo za punda huonekana kama visahani. Mwani uliotupwa na mawimbi, ambao mchana ni takataka tu, hung'aa. Kivuli cha vilima kikishafika majini, basi, funga kamera. (Na muifunike kwa mfuko; mchanga wa kusi hauna adabu.)

Nyinyi kila mwaka ni Shela ya Desemba, miavuli na umati. Mkitaka ya Juni ninazo, wala sitawatoza bei kubwa.

Mpiga picha,
Shela, Lamu