Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wapiga drams wa Mwanza

Ndugu wanachama, poleni na majukumu. Mikutano ya robo mwaka imefanyika, misiba tumezikana, wagonjwa tumewaona, hayo mnayajua siyarudii.

Niende kwenye lile linalosemwa vijiweni kuanzia Kirumba mpaka Igoma, eti mwenyekiti kauza drams za chama. Kwanza sijauza mimi, imeuza kamati, na muhtasari upo una sahihi za hao hao wanaopiga kelele. Seti ya pili ilikuwa imelala tu stoo inaliwa kutu, tukaitoa kwa laki 9, tukaongezea akiba tukachukua mixa (mashine ya kuchanganya sauti) ya chaneli 16 ya mtumba pamoja na maiki za drams. Sasa niwaulize, nani humu anaishi kwa kupiga tu? Harusi za sikuhizi ni MC na DJ, na bendi ikiitwa anakuja mtu wa kinanda na ridhimu yake humo humo ndani, wewe unabaki nyumbani na fimbo zako. Ila fundi mitambo ya sauti haachwi, iwe DJ, iwe kwaya, iwe mkutano wa injili viwanja vya Furahisha, na nani anaijua kiki, ile dram kubwa ya kupigwa kwa mguu, inavyotakiwa isikike kutuzidi sisi? Hili nililisema tangu nagombea, wengine mkacheka.

Tukaandaa mafunzo, wakaja 8. Wanane! Siku ya sneya, ile dram ndogo yenye nyaya chini, tulionyeshana kukaza skin (ngozi ya juu inayopigwa) kwa kupishanisha nati, huku robo mzunguko, upande wa pili robo, unagonga pembeni ya kila nati unasikiliza, maana wengi tumezoea kuzungushia tu kama mfuniko wa ndoo halafu tunalaumu spika. Mmoja wa hao 8 sasa anaitwa na makanisa kutyuni na kubadilisha skin, na mwingine anafundisha watoto Jumamosi, analipwa. Waliobaki kijiweni wapo kijiweni.

Na mnaorekodi studio, andikishaneni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua na mpigaji, sio mtunzi peke yake, ila ukichukua elfu 30 bila karatasi usije kunililia wimbo ukipigwa redioni.

Fedha: tupo 41, waliomaliza ada 13, ada ni 24,000 kwa mwaka yaani 2,000 kwa mwezi, vocha tu inazidi. Ada imeingia 312,000, kukodisha mixa 430,000, matumizi 518,000 (nyaya, usafiri, rambirambi), imebaki 224,000. Mnaona wenyewe kilicholeta hela ni kipi.

Mwakani Mungu akijalia tuongee na wenzetu wa Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, tuone kama vijana wetu wanaweza kushika mitambo kipindi cha Bulabo, ile sikukuu ya ngoma za Wasukuma, na kama hali itaruhusu tupate hata chumba cha kurekodia.

Ada inapokelewa mpaka mwisho wa mwezi, namba ya mweka hazina ni ile ile. Mixa kwa sasa ipo kwangu kwa usalama, anayetaka kuikagua aje mchana na apige simu kwanza.