Fedha za majaribio ziwafikie mafundi wadogo

Mhariri,

Kipimo cha unyevu wa mahindi tunachokitengeneza katika karakana yetu ya Katwe, hapa Kampala, kimekwama kwenye toleo la tatu. Asubuhi hupima vizuri, lakini ifikapo saa nane mchana, jua likiwaka, tarakimu hupanda zenyewe ilhali mahindi ni yale yale. Dosari hiyo inahitaji vihisi bora na siku chache za maabara, wala si mabilioni.

Tulipoomba ruzuku katika ofisi moja ya umma, tulidaiwa hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili pamoja na orodha ya wateja, kana kwamba mwenye wateja angekuwa bado anahangaika na majaribio. Benki nayo hutaka hati ya ardhi, na sisi ni wapangaji.

Sikatai kwamba serikali hutoa fedha. Mabasi ya umeme ya Kiira yamepata fedha za umma, na Makerere ina mfuko wake wa utafiti tangu 2019. Hata hivyo, Kiira ni shirika la serikali na Makerere ni chuo kikuu. Fundi mwenye vijana watatu hana mlango hapo.

Marekani ililishughulikia jambo hili kwa sheria ya mwaka 1982, iliyozilazimu taasisi za serikali zinazogharimia utafiti wa nje kwa zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka zitenge sehemu kwa ajili ya biashara ndogo, sehemu iliyoanza na asilimia 0.2 na baadaye ikafika asilimia 3.2. Awamu ya kwanza ilikuwa ya fedha kidogo za kuthibitisha kwamba wazo linawezekana, na waliofaulu tu ndio waliosonga kwenye awamu ya pili ya kuunda kifaa. Serikali haikudai hisa wala dhamana.

Wizara yetu ya Kilimo ingeweza kuanza. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu, na kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, lakini mpaka leo wapo wachuuzi wanaopima kwa kung'ata punje, au kwa kutikisa mahindi na chumvi kwenye chupa ili kuona kama chumvi itanata. Bunge litakapopitia makadirio yajayo, naomba liitengee wizara hiyo fungu la majaribio ya awali, lisilodai hati wala wateja. Sisi tungeomba vihisi ishirini na siku kumi za maabara.

Mwenye karakana,
Katwe, Kampala