Samadi inalala wapi?

Mhariri,

Nafuga ng'ombe wawili wa maziwa hapa Kangagani, Wete. Mwaka juzi mvua za masika zilipokolea, rundo langu la samadi nyuma ya banda lilisombwa hadi kwenye kisima cha jirani. Maji yakageuka rangi ya chai. Jirani hakunigombeza; alinyamaza tu, na kule kunyamaza kwake kulinitia haya kuliko matusi.

Ng'ombe mmoja wa maziwa hutoa kinyesi zaidi ya kilo 20 kwa siku. Kwa joto letu hili, kikiachwa wazi, nzi hutoka kwenye yai hadi kuruka kwa siku 10 hivi. Na ile harufu inayochoma macho ni naitrojeni inayotoroka: chakula cha migomba yangu kinapaa hewani!

Sasa nina mtambo wa bayogesi, yaani gesi ya kupikia itokayo kwenye kinyesi kinachochachuka. Kila asubuhi nachanganya ndoo ya kinyesi na ndoo ya maji, nakoroga kwa mkono (wanangu hunicheka), natoa mabua, namimina. Wenzetu wa nchi za baridi hulazimika kuupasha moto mtambo ili kinyesi kichachuke. Sisi jua limeshatufanyia. Tope linalotoka nalifunika makuti, kisha nalipeleka migombani.

Si kila mfugaji ataweza gharama ya mtambo. Lakini shimo lenye paa la makuti, mbali na kisima, nani linamshinda?

Maofisa mifugo wakija kuchanja, naomba wazunguke na nyuma ya banda. Langu limekaguliwa mara tatu, wote waliishia mlangoni.

Mama Mfugaji,
Kangagani, Pemba